Besi ni Shingo: Kununua, Kurekebisha na Kutunza Gitaa la Besi Hapa Tanga

Besi yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa kama gari la bwana harusi. Niliinunua Dar es Salaam, kwenye duka ambalo sitalitaja, nikarudi nayo Tanga kwa basi nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, kila kitu kikavu. Masika ilipoingia, uzi wa G ukaanza kukoroma kuanzia freti ya tano (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo), na ule wa E ukapanda juu hata kidole kikawa kinauma kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Nikaipeleka kwa mzee mmoja seremala, Ngamiani. Hakugusa hata uzi. Aliinyanyua hadi usawa wa uso, akafumba jicho moja, akaitazama kutoka mkiani kwenda kichwani kama anavyotazama mwimo wa mlango.

"Mwanangu," akasema, "ingekuwa imepinda tungezungumza. Hii imesokotwa."

Tangu siku hiyo nikienda kununua besi, nanunua shingo. Pikapu (sumaku zinazonasa sauti), volyumu, jeki (panapochomekwa waya), daraja (panapofungwa nyuzi upande wa tumbo), rangi, vyote hivyo vinarekebishika hapahapa mjini kwa fundi redio na seremala, tena kidogokidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Shingo iliyosokotwa hainyooshwi na mtu. Ndiyo maana maelezo haya yanaanzia shingoni, na utaona kila mara yanarudi palepale.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta

Besi ya kawaida ina nyuzi nne: E, A, D na G, kutoka nene kwenda nyembamba. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wa G mara 98. Besi ya nyuzi tano inaongeza B chini ya E, ambayo hutetema takriban mara 31. Vijana wa kwaya siku hizi wanataka nyuzi tano na wana sababu yao, maana mapambio mengi yanashuka kwenye C na D za chini, noti ambazo kwenye nyuzi nne hazipo. Kwa dansi na taarabu, nne zinatosha na kubaki. Bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz ziliutangaza mji huu kwa nyuzi nne. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz hapa Tanga kabla ya kufika Kenya na kuunda bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971, na ukisikiliza rekodi za zama zile utakuta besi inatembea chini ya magitaa mengine bila kuhitaji uzi wa tano.

Kama pesa ni ya kubana, chukua nyuzi nne. Kwenye besi nyingi za bei ya chini zenye nyuzi tano, uzi wa B hutepeta kama kamba ya kuanikia nguo.

Halafu urefu. Besi nyingi zinafuata kipimo cha inchi 34 ambacho Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, alikitumia kwenye Precision Bass mwaka 1951. Ziko fupi za inchi 30, zinazomfaa mtoto au mtu mwenye mikono mifupi. Kupima ni rahisi: weka futi kwenye nati, yaani kile kijipande chenye mifereji kinachopokea nyuzi karibu na kichwa, pima hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Ukipata sentimita 43 na kidogo kabla ya kuzidisha, hiyo ni inchi 34. Ukipata 38, ni inchi 30. Andika kipimo hicho mahali, kwa sababu nyuzi huuzwa kwa urefu, na uzi mrefu wa E ukiukata vibaya ili uingie kwenye besi fupi unaanza kufumuka.

Maumbo mawili yanatosha kukuongoza sokoni. La kwanza ni hiyo Precision, yenye pikapu moja iliyokatwa vipande viwili tangu 1957, sauti nzito inayokaa vizuri chini ya ngoma. La pili ni Jazz Bass ya 1960, yenye pikapu mbili na shingo iliyochongoka karibu na kichwa, milimita 38 tu kwenye nati. Wenye vidole vifupi wanaipenda. Viwanda vingi duniani vinaiga maumbo haya mawili, kwa hiyo ukiyajua umejua sehemu kubwa ya yaliyomo madukani. Jina lililoandikwa kichwani lisikusumbue sana. Stika ya jina kubwa mtu yeyote anaweza kuibandika.

Kuhusu pa kununulia, Tanga si mji wa maduka mengi ya vyombo vya muziki. Soko letu ni watu: bendi iliyovunjika, kanisa lililopata vyombo vipya, mjomba aliyerudi kutoka ughaibuni. Ukikosa, kuna Kariakoo, au Mombasa kupitia Horohoro. Ukipitia mpakani, tangaza mzigo wako na utunze risiti. Mimi napendelea chombo kilichotumika, tena kilichotumikia hapahapa pwani. Gitaa lililokaa Tanga miaka mitano na shingo yake bado imenyooka limeshafanya mtihani ambao lile la kwenye boksi bado halijaufanya.

Hatua ya pili: kagua shingo

Hapa usikubali kuharakishwa. Muuzaji akikuambia kuna mteja mwingine yuko njiani, mwache mteja aje.

Anza na jicho. Shika gitaa kwa tumbo, kichwa kielekee mbele yako, tazama kingo mbili za shingo kama seremala anavyotazama ubao. Kingo zote mbili zikiinama pamoja kwa kiasi kidogo, hiyo ni kupinda, na dawa yake ipo. Lakini ukiona kingo moja inakwenda huku na nyingine inakwenda kule, freti za karibu na kichwa hazikai sambamba na zile za karibu na tumbo, hiyo imesokotwa. Rudisha gitaa, aga, ondoka.

Kisha tumia uzi wenyewe kama rula, kwa kuwa uzi uliokazwa haujui kupinda. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ubonyeze pale shingo inapokutana na tumbo. Sasa tazama katikati, freti ya saba au ya nane. Panatakiwa nafasi ndogo kati ya uzi na freti, kama milimita 0.3, sawa na karatasi tatu za fotokopi zikibebana. Nafasi ikiwa kubwa hadi kadi ya benki inapita, shingo imeinama mbele. Isipokuwepo kabisa, imerudi nyuma, na nyuzi zitakoroma karibu na kichwa.

Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, trasi rodi, ambayo kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi. Kichwa chake kinaonekana ama kichwani mwa gitaa, chini ya kifuniko kidogo, ama mwishoni mwa shingo upande wa tumbo. Omba ruhusa ya kukijaribu kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) inayoenea sawasawa. Unataka kuhisi kinazunguka kidogo kila upande na kina ukinzani. Kikiwa kimeliwa pembe zake, au kimekazwa mpaka mwisho na shingo bado imeinama, hiyo fimbo imeshamaliza kazi, nawe usiirithi.

Pita noti moja baada ya nyingine, kila uzi, kila freti. Ndiyo, zote. Besi yenye freti 20 na nyuzi nne ni noti 80, hazikuchukui dakika tano. Sikiliza wapi inakoroma na wapi sauti inakufa haraka. Freti moja iliyonyanyuka inatengenezeka. Freti zote zilizochimbwa mitaro na nyuzi ni kazi kubwa, punguza bei au achana nayo. Telezesha kiganja pembeni mwa shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, maana yake ubao umenywea baada ya freti kupigwa, dalili ya mti ambao haukukauka vizuri. Ile besi yangu nyekundu ilikuwa inakwaruza tangu dukani, nami nikadhani ni upya.

Mwisho tazama nyuma ya nati, pale kichwa kinapoanza. Ufa hapo, hata mwembamba kama unywele, ni sababu tosha ya kuondoka.

Hatua ya tatu: chomeka, sikiliza

Makelele ya umeme huwatisha wanunuzi, na mara nyingi hayastahili hofu hiyo. Volyumu inayokwaruza ukiizungusha ina vumbi tu. Jeki inayokatakata ni waya uliolegea. Pikapu iliyokufa ni habari nyingine, na hapo mwombe fundi redio mita yake: chomeka waya wa gitaa, fungua volyumu mpaka mwisho, gusisha ncha mbili za mita kwenye ncha na shina la jeki ya upande wa pili. Besi ya kawaida isiyo na betri itakupa kilo-ohm kadhaa, kati ya 4 na 11 kutegemea aina na idadi ya pikapu. Ukipata mkato kamili, kuna mahali waya umekatika.

Besi yenye betri ya volti 9 haipimwi hivyo. Yenyewe ina jambo moja la kukumbuka: ukichomeka jeki, umeiwasha. Ukiliacha gitaa na waya wake usiku kucha, asubuhi betri imekufa, na kama ni Jumapili basi kwaya itaimba bila besi.

Mvumo nao una lugha yake. Ukishika nyuzi mvumo ukapungua, gitaa ni zima, limekosa tu kinga dhidi ya mawimbi ya umeme. Ukishika nyuzi pasibadilike kitu, waya wa kwenda kwenye daraja umekatika. Ukishika nyuzi mvumo ukaongezeka, mtu ameunganisha jeki kinyume. Na kwenye besi nyingi za pikapu mbili za mtindo wa Jazz, fungua volyumu zote mbili mpaka mwisho: mvumo ukizimika, hakuna kilichoharibika, ndivyo zilivyosukwa.

Neno kuhusu amplifaya

Nitapita haraka hapa, ila mambo mawili usiyaruke. Amplifaya za mitumba kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na umeme wetu ni volti 230. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, ununue transfoma ya kushusha kama inahitajika. Nimeshawahi kusikia harufu ya amplifaya ya mwenzangu ikiungua kabla hata hatujasema "moja, mbili".

La pili ni la uhai. Kama unapigwa shoti mdomoni ukigusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, simamisha muziki. Tatizo halimo kwenye gitaa lako, limo kwenye waya wa ardhi wa ukumbi au wa kifaa kimojawapo. Usikubali mtu akate pini ya ardhi ya plagi ili kuua mvumo. Harusi za uwanjani, umeme unavutwa kwa waya mrefu kutoka nyumba ya jirani, nyasi zina umande, wewe uko peku: hapo ndipo watu wanapoumia.

Hatua ya nne: lipange gitaa likufae

Gitaa lolote ulilonunua, jipya au la zamani, halijapangwa kwa ajili ya mkono wako wala kwa hewa ya Tanga. Kuna utaratibu wake, na ukiupindua utarudia kazi.

Anza na nyuzi mpya. Seti ya kawaida imeandikwa 45 hadi 105, hizo ni elfu za inchi. Zifunge moja baada ya nyingine, usizitoe zote nne kwa pamoja ukaenda kula, kwa sababu shingo itapumzika na kurudi nyuma. Tyuni mpaka sauti sahihi. Programu ya simu inatosha, ingawa maikrofoni ya simu mara nyingi haiisikii E ya wazi. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, utoe ile sauti ya kengele, simu itaisikia.

Sasa shingo. Rudia kipimo cha karatasi tatu. Nafasi ikiwa kubwa mno, kaza trasi rodi kwa kuizungusha kama mshale wa saa. Ikiwa haipo, legeza. Robo mzunguko kwa wakati mmoja, tyuni tena, pima tena. Robo tu. Nimeona kijana akizungusha mizunguko miwili kwa nguvu za ujana, akasikia "tak", na hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya mwisho ya maana kutoka kwenye gitaa lile. Mti unajibu taratibu, ukimaliza kurekebisha liache lilale, kesho utazame tena.

Shingo ikitulia ndipo unakwenda kwenye kimo cha nyuzi. Pima kutoka juu ya freti ya 17 hadi chini ya uzi. Uzi wa E ukae kama milimita 2 na nusu, wa G milimita 2. Vikalio vya nyuzi kwenye daraja vina viskrubu vidogo vya alenki vya kupandisha na kushusha. Ukipiga kwa nguvu kama tunavyopiga dansi, ongeza kidogo. Walaini wa mkono wanaweza kushusha.

Halafu usahihi wa sauti juu ya shingo. Piga kengele ya freti ya 12, kisha bonyeza freti hiyohiyo upige kawaida. Sauti mbili zinatakiwa kulingana. Ile ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tyuni upya kila unaposogeza. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayofanya besi yako isigombane na kinanda.

Pikapu ziwe za mwisho. Bonyeza freti ya mwisho kabisa, acha milimita 3 hivi kati ya uzi wa E na pikapu, na pungufu kidogo upande wa G. Zikikaribia mno, sumaku inauvuta uzi na sauti inayumba.

Hatua ya tano: marekebisho yanayolipa

Watu wakishapata besi wanataka kubadilisha pikapu kwanza. Mimi nasema nati kwanza. Nati za plastiki za magitaa ya bei ndogo zinalika, uzi unazama, noti ya wazi inakoroma na ile iliyobonyezwa inasikika safi, ndivyo utakavyojua. Mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani unafaa sana: chemsha, kwangua nyama na uboho, osha kwa sabuni kuondoa mafuta, anika hadi ukauke kabisa. Njia yangu ya pili ni kipande cha mpingo kutoka kwa wachonga vinyago, maana mabaki wanayo, na mti huohuo ndio unaotengenezwa klarineti huko Ulaya. Vumbi la mpingo linawasha pumzi, funga kitambaa puani. Chonga mifereji kwa tupa nyembamba, au viringisha msasa kwenye kipande cha uzi wa zamani unene uleule. Pima hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, utazame freti ya kwanza. Karatasi moja au mbili zipite. Chonga polepole, mfereji ukizidi kina hakuna wa kuurudisha.

Pili, kinga ya mvumo. Fungua kifuniko cha volyumu, panga utepe wa shaba ndani ya tundu lote, pande zote zigusane, uunganishe na waya wa ardhi. Foili ya aluminiamu ya jikoni inafanya kazi pia, ila risasi haishiki juu yake, kwa hiyo waya wa ardhi uubane kwa skrubu. Hakikisha hakuna ncha ya moto, yaani inayobeba sauti, inayogusa foili, la sivyo gitaa litanyamaza kabisa nawe utadhani umeliua.

Tatu, volyumu zilizochoka. Mwambie fundi redio unataka za kilo-ohm 250 zilizoandikwa A, sio B. Herufi A inamaanisha sauti inapanda taratibu kama sikio linavyosikia. Kapasita ya kitufe cha toni kwenye besi nyingi ni ya mikrofaradi 0.047, nayo juu yake imeandikwa 473. Fundi redio yeyote ana kopo limejaa hizo. Chuma cha risasi cha wati 40 kinatosha. Kabla hajakata waya hata mmoja, piga picha ya ndani kwa simu yako.

Kung'oa freti nako kunazungumzwa sana, kila kijana akishamsikia Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani. Yeye alikuwa na Jazz Bass ya 1962, akaipaka ubao wake gundi ngumu ya epoksi ya maboti, na dawa za aina hiyo mafundi wa boti hapa pwani wanazijua. Kwa mpiga taarabu wazo lina mantiki, udi wenyewe hauna freti. Lakini usimng'oe ng'ombe wa maziwa meno ukiwa na ng'ombe mmoja. Fanya hivyo kwenye besi ya pili.

Hatua ya sita: kuishi nalo karibu na bahari

Inasimuliwa kuwa James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, alikuwa habadilishi nyuzi mpaka zikatike. Detroit hakuna upepo wa bahari kama wa Raskazone. Hapa chumvi iko hewani, inakaa juu ya uzi pamoja na jasho lako, na wiki mbili zikipita uzi una madoa ya kutu. Kitambaa cha pamba kikavu kiwe ndani ya begi, ufute kila uzi juu na chini yake kila ukimaliza kupiga. Futa kabla ya kukaa kwenye sahani. Mafuta ya pilau kwenye nyuzi za besi yanaua sauti kuliko mwaka mzima wa matumizi.

Nyuzi zilizokufa sauti lakini hazijakatika zinafufuka kwa muda. Wengine huzichemsha dakika kumi. Inasaidia, ila kwa unyevu wetu zisipokauka hadi ndani ya misuko yake zinaota kutu kutoka moyoni. Mimi huziviringisha na kuziloweka usiku kucha kwenye chombo chenye spiriti, nimekifunika, mbali kabisa na jiko, kisha nazifuta na kuzianika. Kama umechoka na haya yote, nunua zile nyuzi laini zilizosukwa kwa utepe bapa. Bei yake iko juu lakini hazishiki uchafu upesi, na sauti yake ya mviringo inakaa vizuri sana kwenye taarabu.

Mara mbili kwa mwaka rudia kipimo cha karatasi tatu: masika ikishakolea, na kaskazi ikishakausha hewa. Shingo itakuwa imesogea. Robo mzunguko, au nusu ya robo, inaisha.

Ubao wa vidole wa mti mweusi usiopakwa vanishi unakunywa mafuta kidogo mara moja au mbili kwa mwaka. Usitumie mafuta ya nazi, najua yako jikoni. Yanachacha, yananuka, na sisimizi wanayapenda. Mafuta ya kupaka watoto yanafaa, matone machache, ufute mpaka pakauke. Ubao mweupe unaong'aa kwa vanishi haupakwi kitu. Viskrubu vya daraja navyo tia tone moja la mafuta ya cherehani kila baada ya miezi michache, ukisahau mwaka mzima utakuta vimeshikana na chuma na alenki inazunguka patupu.

Tundu la skrubu lililolegea, hasa la kitufe cha mkanda, lijaze njiti za meno zilizopakwa gundi ya mbao, acha ikauke, kaza upya. Mkanda ukiwa unachomoka, kata duara la raba kutoka kwenye kandambili iliyokatika, toboa katikati, ulisukume juu ya kitufe baada ya kuvaa mkanda. Besi yangu ya sasa inatumia ya bluu.

Usiegemeze gitaa kwenye ukuta wa chokaa, unatoa jasho usiku. Liache ndani ya begi, utupie humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Betri itoe kama hutapiga kwa mwezi, ikivuja inakula waya.

Na ukisafiri nalo kwenda Dar au Arusha, legeza nyuzi kidogo, noti moja au mbili chini, zisiwe ovyo kabisa. Konda atataka kuliweka kwenye buti, karibu na joto la injini na chini ya gunia la machungwa ya Muheza. Mwombe siti, au lipakate. Ukifika usilifungue papo hapo kama umetoka kwenye basi lenye kiyoyozi. Liache ndani ya begi nusu saa lizoee hewa, ndipo ulitoe, ulifute, ulityuni.